Je, Moshi wa Jikoni Unabatilisha Funga? Na Je, Pafu Nalo Linasamehe?

Bismillahi Rahmani Rahim. Himdi zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

SWALI: Dada yetu katika imani kutoka Nyakasimbi, Karagwe, anapika ndizi na maharage kwa kuni tangu alasiri. Moshi unamwingia mpaka anakohoa. Je, funga yake inasihi?

JIBU: Funga yake ni sahihi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamesamehe vumbi la njiani na unga unaopeperuka wakati wa kuchunga, kwani ni vigumu kujikinga navyo. Moshi unaomfikia mpishi bila ya kukusudia una hukumu hiyo hiyo. Si kama sigara, ambayo mvutaji huivuta kwa makusudi.

Lakini tusiishie hapo. Vumbi na moshi ni sawa katika mlango wa funga, ila si sawa ndani ya kifua.

Vumbi la njiani sehemu yake kubwa ni chembe nene za udongo, na nyingi hunaswa puani na kooni. Moshi wa kuni una chembe zisizozidi maikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizo hupita mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako oksijeni huingia katika damu.

Tena kinachodhuru si wingi wa chembe tu, bali pia kilichomo ndani yake. Kiini cha chembe nyingi za moshi ni masizi, yaani kaboni, na juu yake hushikamana kemikali za kuni ambazo hazikuungua vizuri. Mojawapo ni benzopairini. Seli ya pafu hujaribu kuibadilisha ili iitoe, lakini baadhi ya mazao ya kazi hiyo hung'ang'ania vinasaba na kuviharibu, na huo ni mlango wa saratani. Kemikali nyingine, pamoja na madini kama chuma na shaba yakiwemo, huzalisha oksijeni kali inayounguza kuta za seli. Seli ina kinga yake, glutathioni, nayo ikipungua pafu huvimba. Uvimbe huo ukirudi kila siku kwa miaka, njia za hewa huwa nyembamba na pumzi hupungua.

Kwa hiyo kuni mbichi ni mbaya kuliko kavu, na kuwashia moto kwa plastiki ni kubaya zaidi, kwani plastiki yenye klorini hutoa asidi na sumu ya dioksini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na kuondoa madhara ni katika kanuni kubwa za fiqhi. Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani tunapolala, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Basi jiko la mkaa lisilale chumbani kwa ajili ya baridi. Linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

Tunawaambia akina baba: msiseme jiko ni shauri la wanawake. Kwa Mashafii, vyombo vya kupikia ni katika matumizi yanayomlazimu mume kumpatia mkewe. Asiyeweza gesi, na akaushe kuni, aroweke maharage usiku ili yaive upesi, atoboe dirisha, ajenge jiko banifu lenye dohani, na watoto wasikae karibu na moto. Mwenye ng'ombe aangalie biogesi. Serikali nayo, katika mkakati wake wa mwaka 2024, imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Misikiti na madrasa zetu zinazopikia futari ya wengi zianze sasa.

Dada yetu, funga yako ni salama. Kifua chako ni amana, na mumeo anaulizwa juu yake pamoja nawe.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.