Kizingiti cha N'giriama

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniuliza swali ambalo nimeona halifai kujibiwa kwa mistari miwili. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, anasema, mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Kuna sababu gani tena ya kuhangaika na Ihefu, na vinamasi, na viboko? Nchi si imeshapata umeme wake?

Nchi imepata mitambo. Maji ya kuizungusha ni habari nyingine, na mahali pamojawapo panapoamua yatoke au yasitoke ni ukingo wa mwamba huko Usangu, mkoani Mbeya, unaoitwa N'giriama. Wengi wanaowasha taa kila jioni hawajawahi kulisikia jina hilo.

Mzunguko wa maji tulifundishwa shule ya msingi, kwa hiyo nauruka. Kimani, Chimala, Mbarali na mito mingine huteremka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, ambako mvua ni nyingi, hadi kwenye tambarare ambayo yenyewe hupata milimita 600 hadi 700 tu kwa mwaka. Ikifika chini hupoteza mwendo. Ardhi ni bapa mno, hivyo maji hutanda badala ya kwenda, tope hutua, matete huota, na hapo ndipo Ihefu ilipo. Upande wa kaskazini-mashariki tambarare hubanwa, na njia pekee ya kutokea ni juu ya ule mwamba. Maji yakishaupita ndiyo Ruaha Mkuu tunaoujua: hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hujaza bwawa la Mtera, huzungusha mitambo ya Mtera kisha ya Kidatu, halafu huingia Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere, na kuelekea baharini.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba huo hata kwa kina cha kiganja, mto unatiririka. Yakishuka chini yake kwa kina hichohicho, hakuna hata tone linalopita. Ihefu inaweza kuwa bado na maji ya kumzamisha mtu mzima, imejaa kambale na korongo, na mto ukawa umekatika hatua chache mbele. Mtu angeweza kuiita hali hii "kiwango kikomo". Mimi nabaki na kizingiti, kwa kuwa hapa kipo kweli, cha jiwe, na mtu anaweza kukikanyaga.

Kinachoyashusha maji ni jua. Sehemu ya Ihefu inayobaki na maji mwaka mzima ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 80. Wakati wa kiangazi, jua na upepo, pamoja na majani yanayovuta maji kwa mizizi na kuyaachia hewani, vinaweza kuondoa milimita 6 kwa siku. Milimita 6 hazifuniki hata ukucha wa kidole gumba. Zitandaze juu ya kilomita za mraba 80 na utapata mita za ujazo 480,000 kila siku, yaani lita zipatazo 5,500 kila sekunde, usiku na mchana. Hizo lazima zilipwe kwanza na mito inayoingia, ndipo N'giriama ipitishe chochote.

Nimesema zilipwe, na nataka nikae hapo kidogo. Mfikirie mama mwenye duka pale Ubaruku, ambaye pango lake hulipwa kila siku na mwenye nyumba hutoza kwa ukubwa wa sakafu. Mauzo yake ndiyo mito iingiayo. Pango ni jua. Kinachobaki baada ya pango ndicho anachopeleka nyumbani, na nyumbani ni huku chini, kwenye hifadhi na mabwawa. Siku akiuza shilingi 7,000 na pango likiwa 5,500, watoto wanapata 1,500. Mauzo yakipungua robo tu, yakawa 5,250, watoto hawapungukiwi robo. Hawapati kitu. Deni la shilingi 250 linabaki mlangoni, na kesho yake analazimika kurudisha sehemu ya sakafu ili pango lilingane na mauzo. Duka linaendelea kuwepo. Mpita njia ataona rafu, ataona sukari na sabuni, na ataapa kwamba biashara inaendelea. Ihefu nayo hufanya vivyo hivyo: husinyaa, uvukizi wake hupungua, na kinamasi kidogo kinabaki hai chini ya kizingiti.

Mauzo yakirudi 7,000 wiki ijayo, usidhani nyumbani patapikwa siku hiyohiyo. Mama lazima kwanza aikodi tena sakafu aliyoiacha na kuijaza bidhaa. Ndiyo maana mvua zinaweza kuanza kunyesha milimani, mito ikafurika Chimala, na mchanga wa Ruaha hifadhini ukabaki mkavu kwa muda. Kinamasi kinajirudishia kwanza ukubwa wake. Na mhasibu wa mbali, anayejumlisha mauzo ya mwaka mzima pamoja na yale ya msimu wa mavuno, ataandika kwamba duka lina afya njema, kwa kuwa jumla yake haionyeshi ni siku ngapi watoto walilala bila kula.

Kiangazi cha mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya hifadhi. Kituo cha kupimia maji cha Msembe Ferry kilikuwa kimeanza kuweka kumbukumbu tangu miaka ya 1960, hivyo badiliko lilionekana wazi. Tangu hapo mto umekuwa ukikauka karibu kila mwaka, mara wiki kadhaa, mara miezi.

Hapo kwenye mchanga, mwezi Oktoba, tembo huchimba. Jike hutangulia kwa mguu wa mbele, akiupiga mchanga na kuusukuma nyuma, kisha huingiza mkonga na kuutoa mchanga kidogokidogo mpaka shimo liwe refu kama mkonga wenyewe. Halafu husubiri. Maji hujichuja taratibu kutoka pembeni, naye huyavuta. Akiondoka, nyani na ngiri hulijia shimo lilelile. Viboko hawana ufundi huo. Hujazana kwenye madimbwi yaliyobaki, migongo ikigusana, na kinyesi chao kinakula hewa yote iliyomo majini. Samaki hufa, isipokuwa kambale, ambaye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu na huweza kushikilia uhai ndani ya tope.

Ile robo ya mauzo ilikwenda wapi? Hakuna mwizi mmoja wa kumkamata. Kuna mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, yaliyoanzishwa na serikali, na kuna mabanio mengi ya wakulima wadogo, yaani vizuizi vya kugeuzia maji mashambani, kwenye kila mto. Mpunga wa masika haunitishi, maana masika maji ni mengi kupita kiasi. Kinachokigusa kizingiti ni Septemba hadi Novemba. Mpunga umeshavunwa, lakini mabanio yako wazi: maji ya kufyatulia matofali, ya kufulia, ya kunyweshea, ya vitalu vya mapema vya yule anayetaka kuvuna kabla bei haijaanguka. Kila haja ni ya haki. Ila sehemu kubwa ya maji hayo hupotelea mferejini au hutanda kwenye majaruba matupu, na jua huyachukua huko kabla hayajafika Ihefu kulipa pango.

Kuhusu umeme, hesabu ni fupi. Mtera ina megawati 80 na Kidatu 204. Miaka ya 2000 mitambo yote ya maji nchini ilikuwa na megawati 561, kwa hiyo nusu yake ilikuwa imekalia mto mmoja, na maji yaleyale yakifanya kazi mara mbili. Kiwango cha chini cha kuendeshea Mtera ni mita 690 juu ya usawa wa bahari. Ukame ulipokuja, mwaka 2006 nchi ikaingia kwenye mgao ambao walioupitia hawajausahau: saluni zimefungwa mchana, mashine za kusaga zimenyamaza, jenereta zinanguruma mtaa mzima. Ni kweli kwamba Mtera hujazwa zaidi na mafuriko ya masika kuliko vijito vya kiangazi, na wapo wataalamu walioonyesha kwamba uendeshaji wa mabwawa yenyewe ulichangia upungufu. Hata hivyo, mabwawa yalikuwa matupu.

Mabwawa matupu yaliiweka serikali mahali pa kutafuta umeme kwa pupa. Ukaja mkataba wa mitambo ya dharura na kampuni ya Richmond, ikaja kamati teule ya Bunge kuuchunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Wanasayansi wa siasa watakuwa na maelezo yao marefu. Mimi naona hili: taifa lisilo na akiba ya maji hupoteza pia nafasi ya kufikiri kabla ya kutia saini, na nafasi hiyo ni sehemu ya usalama wake sawa na mpaka unaolindwa.

Kisha kuna amani ya vijijini. Mwaka 2006 na 2007 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji Usangu, kwa maelezo kwamba mifugo imekausha mto. Ng'ombe wengi mno walihamishwa, wengine kwa malori, wengine wakiswagwa, kuelekea Lindi na Pwani. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, ambayo hapo ikazidi kilomita za mraba 20,000. Mto haukurudi. Fanya hesabu mwenyewe: hata ng'ombe 300,000, kila mmoja akinywa lita 40 kwa siku, jumla yao ni lita 139 kwa sekunde. Jua peke yake linachukua 5,500. Operesheni ilimshika aliyeonekana kwa macho, na mgogoro ukafuata kwato: wafugaji waliofika mabonde mengine waliwakuta wakulima ambao nao hawakuwa na pa kwenda, na ugomvi wa maji wa Mbarali ukageuka ugomvi wa ardhi mahali ambako haukuwepo kwa kiasi hicho. Askari na mahakama sasa vinafanya kazi ambayo ingefanywa na mlango wa banio kufungwa kwa wakati.

Narudi kwa msomaji wangu wa Morogoro. Maji mengi ya Bwawa la Julius Nyerere, zaidi ya nusu, hutoka Kilombero. Ruaha Mkuu huleta takriban asilimia 15. Mtu anaweza kusema basi Ihefu si hoja tena. Lakini Kilombero nako ni bonde la mafuriko, lililoorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na nako mito hushuka kutoka milimani kuingia kwenye tambarare iliyojaa mpunga, miwa na mifugo, baadhi yake iliyotoka Usangu. Yaliyotokea Usangu katika miongo michache yanaanza kupimwa huko. Bwawa kubwa, lenye nafasi ya mita za ujazo zaidi ya bilioni 30, linaweza kuficha upungufu kwa miaka kadhaa. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu ukubwa wake utatufanya tuendelee kusoma jumla ya mwaka, wakati yanayoamua hatima ya bonde yanatokea katika wiki chache za Oktoba.

Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ulifika na kupita, na mto ukaendelea kukatika. Ahadi yenyewe haikuwa ya ajabu. Kinachotakiwa ni lita elfu chache kwa sekunde, kwa miezi mitatu, kiasi ambacho masika kingepita Msembe bila mtu kukiona.

Kazi niipendayo kuliko zote iliyofanyika Usangu ilihusu lita hizo hasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na cha East Anglia, Uingereza, pamoja na taasisi ya kimataifa ya maji, IWMI, walitengeneza ubao mrefu wa mbao uliochongwa mfereji wa mto na mashamba ya vishimo pembeni yake. Ubao huinamishwa, gololi za kioo humiminwa juu, na kila mkulima huweka kijiti chake mtoni kama banio, akijaribu kukinga gololi za kutosha shamba lake. Raundi ya kwanza wa juu hujaza vishimo hadi vikafurika, na wa chini hubaki wakitazama mfereji mtupu. Kisha wachezaji hubadilishana nafasi. Wa juu hukaa chini, hukinga, hukosa, na mazungumzo huanza hapohapo juu ya ubao: nani afunge usiku, nani apate Jumatatu, kishimo kipi kilikuwa na gololi zisizo na kazi. Waliocheza ni wakulima na viongozi wa jumuiya za watumia maji, watu wanaozijua tabia za kila mto wao, na zamu walizozungumza hapo ni za mabanio yao wenyewe.