Methali iliyomtia mama aibu mlangoni mwa hekalu

BABA wa Chinongwe akirudi kutoka kuuza mbaazi, watoto humsoma usoni. Bei ikiwa nzuri, sare za shule zitapatikana. Ikiwa mbaya, barazani husikika neno moja tu: "Wahindi wameshusha bei." Mwaka 2017 neno hilo lilisikika sana, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo na wakulima wengi wa kusini wakabaki na magunia ndani.

Mtoto anayekulia hapo humjua Mhindi kwa bei tu. Hajakaa naye, hajala naye, hajui anamwomba Mungu wapi.

Mama mmoja wa kata hiyo ya wilaya ya Ruangwa alilitambua hilo likizo ya Juni, alipompeleka mwanawe wa miaka tisa Dar es Salaam kumsalimia mama yake mkubwa anayeishi Kariakoo. Siku ya pili mwenyeji wao aliwatembeza. Walivuka Mnazi Mmoja hadi Kisutu, mtaa wenye mahekalu ya Wahindu, maduka ya vitamu na watu wa kila aina.

Walikuwa wapita njia tu. Lakini mtoto alisimama penye lango la hekalu, akitazama rangi na maua. Mzee mmoja aliyekuwa akivua viatu akawakaribisha: "Ingieni mtazame, hakuna kiingilio."

Mtoto alitoa shikamoo vizuri. Kisha akamgeukia mama yake na kuuliza kwa sauti: "Mama, huyu ndiye Baniani mbaya?"

Mama alitamani ardhi ipasuke. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" ni methali anayoitumia kila siku nyumbani, bila kufikiri kwamba Baniani ni jina ambalo watu wa pwani waliwapa zamani wafanyabiashara wa Kihindu. Mtoto alikuwa ameisikia, akaihifadhi, akaja kuitua mbele ya mwenyewe.

Mzee alicheka hadi akashika ukuta. "Marahaba, mjukuu wangu. Baniani ndiye mimi. Na kiatu changu ndicho hicho, ukiumwa njoo ukichukue."

Aibu ikaisha hapo. Waliacha viatu nje, wakaingia. Akina mama waliokuwa wamekaa upande wao walisogea kuwapa nafasi. Mzee alieleza kwamba alizaliwa Lindi mjini, baba yake akiwa na duka, na kwamba familia yao ilihamia Dar es Salaam baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971. Alipoambiwa wageni wanatoka Chinongwe, aliuliza habari za mvua na korosho kama mtu wa nyumbani.

"Na mbaazi je?" aliuliza. Kwao, alisema, mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa hupikwa dali karibu kila siku, kwa sababu Wahindu wengi hawali nyama. Mtoto alishangaa. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna mtu anayezila mbaazi zile baada ya kupita kwenye mizani.

Kisha likaja jambo lililompa mama wasiwasi. Kijana mmoja alileta sahani ya prasadi, vitamu vinavyotolewa kwanza mbele ya sanamu za miungu na kugawiwa watu. Mama ni Mwislamu. Aliweka mkono kifuani, akashukuru na kusema kwamba kwa dini yake hawezi kula. Kijana akaitikia kwa kichwa, akawaletea maji. Hakuna aliyekasirika. Mtoto aliona yote mawili: mama hakuacha dini yake, na hakumdharau mwenye dini yake.

Mzazi anayetaka kumpeleka mtoto mahali kama hapo amwandae mapema:

• Mweleze kwamba Mhindi si lazima awe Mhindu. Wapo Wahindi Waislamu, kama Mabohora na Waismailia, na wapo Wakristo, kama Wagoa.

• Avae nguo za heshima na avue viatu mlangoni. Asinyooshe miguu kuelekea sanamu, wala asiguse kitu bila kuruhusiwa.

• Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Watu walioko pale wako kwenye ibada.

• Amueni nyumbani kama mtapokea chakula. Mkipokea, iwe kwa mkono wa kulia. Mkikataa, iwe kwa shukrani.

• Chunga methali na utani wa nyumbani. Mtoto hajui kipi ni cha barazani na kipi ni cha mbele za watu.

Usiku ule, Kariakoo, mama alimweleza mwanawe maana ya methali: hata mtu usiyempenda anaweza kuwa na kitu cha kukufaa. Mtoto akafikiri kidogo, akauliza kwa nini basi asipendwe tangu mwanzo. Mama hakuwa na jibu.

Mavuno yalipofika, baba alirudi nyumbani amekunja uso. Barazani likaanza neno lile lile. Mtoto akadakia: "Lakini baba, yule babu wa Kisutu si ndiye anayepanga bei. Yeye anakula tu."

Baba alimtazama, kisha akamuuliza ni babu yupi huyo.