Nuru Ndani ya Jiwe: Elimu Iwafaayo Vijana wa Chinongwe

Kusini mwa Tanzania, mkoani Lindi, iko kata iitwayo Chinongwe katika wilaya ya Ruangwa, nchi ambayo zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya Nachingwea. Watu wa huko hulima korosho, ufuta na mbaazi. Wazee wetu wametusimulia mengi juu ya mpango wa karanga ulioletwa na Waingereza mwaka 1947, ukafyeka mapori makubwa ya Nachingwea, kisha ukavunjika baada ya miaka michache tu. Lakini ardhi ya wilaya ya Ruangwa ina neema nyingine isiyoota kwa mvua. Humo hupatikana ganeti ya kijani, ambayo wafanyabiashara wa dunia huiita tsavoraiti. Jiwe hilo lilitambuliwa kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967 na mtaalamu aitwaye Campbell Bridges, kisha likaonekana Kenya karibu na Tsavo, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikalitangaza kwa jina hilo.

Wasomaji wetu watukufu, jambo tutakalo kulieleza mwezi huu ni hili: mchimbaji mdogo aliokotapo jiwe la namna hiyo, aghalabu huliuza likiwa ghafi, na thamani yake kubwa huongezwa mbali naye, mikononi mwa yule alikataye. Huyo mkataji ana elimu gani ambayo kijana wa Chinongwe hana? Mkono wake ni hodari, ndiyo, nao ustadi wa mkono hupatikana kwa mazoezi. Lakini kabla ya mkono kuna hesabu ya njia ya nuru, na hesabu hiyo siku hizi hufundishwa kwa kompyuta. Yafaa wazazi na vijana waijue ilivyo.

Mwali wa nuru utokapo hewani na kuingia katika kitu chenye kupenyeka hupinda. Kila kitu kina kiasi chake cha kuupinda, na kiasi hicho huandikwa kwa namba: maji 1.33, kioo cha kawaida karibu 1.5, kwatzi 1.54, tsavoraiti 1.74, almasi 2.42. Sasa sikilizeni ajabu iliyomo. Mwali uliokwisha kuwa ndani ya jiwe, ukiupiga uso wa jiwe kwa kuuelekea sawasawa, hutoka nje. Ukiupiga kwa kuulalia sana, hauwezi kutoka kabisa. Wote hurudi ndani kana kwamba umekutana na kioo cha kujitazamia. Baina ya kutoka na kurudi uko mpaka, nao hupimwa kwa nyuzi kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso ule. Kwa kwatzi mpaka huo ni nyuzi 40 na nusu. Kwa tsavoraiti ni nyuzi 35. Kwa almasi ni nyuzi 24 na kidogo, na hiyo ni sababu moja ya almasi kuwaka kuliko mawe mengine.

Tuchukue tsavoraiti iliyokatwa kwa namna iliyo sahili mno: juu bapa, na chini nyuso mbili zikutanazo kama paa la nyumba lililopinduliwa. Mwali washuka kutoka juu, wima. Ikiwa kila uso wa chini umeinama nyuzi 33, mwali utaupiga kwa pembe ya nyuzi 33, iliyo chini ya mpaka wa 35, nao utavuja kwa chini na kupotea. Mwenye kulitazama jiwe hilo kutoka juu ataona katikati yake weupe mtupu, hata aweza kuona kidole chake kilicho nyuma. Twaweza kuliita dirisha, nalo ni aibu ya jiwe. Lakini uso ukiinama nyuzi 42, mwali hurudi, ukavuka kwenda uso wa pili, ukaupiga kwa nyuzi 54, ukarudi tena, ukapanda juu ukiwa umeinama nyuzi 12 tu, ukatoka hewani kwa nyuzi 21 na kuingia katika jicho la mnunuzi. Tofauti ya nyuzi tisa ndiyo iliyoamua kama jiwe litawaka au litakufa. Tena jiwe si mbao wala si nguo, kilichosagwa hakirudi.

Kwa nini basi wengine hukata kwa nyuzi 33? Kwa sababu mawe mengi ghafi ni bapa, na mkato wa chini mfupi huhifadhi uzito zaidi, nao uzito huhesabiwa kwa karati, ambayo kila moja ni sehemu ya tano ya gramu. Tamaa ya karati chache huliua jiwe zima.

Elimu hii isiwe ngeni katika nyumba za Kiislamu. Abu Sa'd al-'Ala' ibn Sahl, aliyekuwa Baghdad, aliandika karibu na mwaka 984 juu ya vioo viwashavyo moto kwa kukusanya jua, na katika kitabu chake imo kanuni ya kupinda kwa nuru, ile ambayo Ulaya huitaja kwa jina la Snell aliyeipata mwaka 1621. Habari hii ilidhihirika kwa wataalamu mwaka 1990, Roshdi Rashed alipoitoa kutoka katika hati za kale. Baada ya Ibn Sahl alikuja al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Yeye alieleza katika Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba, kwamba kutoka kila nukta ya kitu kilichoangazwa nuru huenda pande zote kwa mistari iliyonyoka, na kwamba jicho huona kwa nuru iliyoliingia. Wala hakutosheka na kusema. Alijaribu kila dai kwa vyombo.

Aliye karibu zaidi na jambo letu ni Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu na mwaka 1319. Alitaka kujua upinde wa mvua hutokeaje. Kwa kuwa tone la mvua halishikiki, alichukua chupa kubwa ya mviringo, akaijaza maji, akaiweka katika nuru ndani ya chumba cha giza, akaifuata miali hatua kwa hatua: huingia na kupinda, hurudi ndani mara moja, hutoka na kupinda tena, huo ndio upinde wa kwanza. Ikirudi mara mbili ndani, hutokea upinde wa pili ulio hafifu. Kazi aliyoifanya kwa chupa ile ndiyo ifanywayo leo na kompyuta kwa jiwe.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe. Wenye kutengeneza lenzi za kamera na darubini hufuata miali kwa mpangilio: mwali huambiwa tangu mwanzo kwamba utapita uso wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama basi litokalo Lindi kwenda Ruangwa, ambalo litapita Mnazi Mmoja kisha Nanganga, wala haliwezi kubadili. Hesabu ya namna hii ni nyepesi, na mwanafunzi huanza nayo. Ndani ya kito haifai. Kito kilichokatwa kwa mtindo wa almasi kina nyuso 57, na mwali ulioingia hakuna aliyeuambia uende wapi. Ni mfano wa mpira uliorushwa ndani ya chumba chenye kuta 57. Kwa hiyo programu, kila hatua, huuliza: katika nyuso zote hizi, ni upi mwali huu utakaoufikia kwanza? Huu ndio ufuatiaji wa miali usio na mpangilio. Programu kubwa ya viwanda iitwayo OpticStudio, ya jina la Zemax, ina namna zote mbili. Wakataji wa vito wana zao ndogo, kama GemCad ya kuchora mkato na GemRay ya kufuata miali ndani yake, zote za Robert Strickland. Na ikiwa hapana fedha, iko Blender, ambayo hutolewa bure, nayo huchora jiwe kwa kufuata miali ikiwa umeipa namba ya kupinda iliyo sahihi.

Mwanafunzi atakutana na ugumu wa namna mbili, na ni bora aujue mapema. Wa kwanza ni kwamba mwali hugawanyika. Nuru ifikapo juu ya tsavoraiti, sehemu 7 katika 100 hurudi hewani papo hapo na 93 huingia. Na kila uso ambao mwali waweza kuutoka, sehemu hutoka na sehemu hurudi. Mwali mmoja huwa miwili, miwili huwa minne, na baada ya migawanyiko kumi yaweza kuwa zaidi ya elfu moja. Kompyuta ingechoka. Basi programu huwekewa kiwango, kwamba mwali uliodhoofika kupita kiasi fulani uachwe, au huchagua njia moja kwa bahati na kurudia mara nyingi sana. Hapo ndipo huja ugumu wa pili: miali ikiwa michache, picha hujaa madoa, na mwanafunzi hudhani jiwe ndilo lenye kasoro. Aongeze miali, aone madoa yakipungua. Yakibaki palepale, hilo ni la mkato wenyewe.

Kompyuta moja iliyo madrasani au shuleni yatosha vijana kumi kujifunza haya kwa zamu. Mkono wenyewe utahitaji mwalimu na mashine ya kusaga, na Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania kifundishacho ukataji wa vito. Safari ya kutoka kusini ni ndefu na ya gharama, nasi twaona kwamba mafunzo kama hayo yangestahili kufika Lindi pia. Maadamu hayajafika, kijana atakayekwenda Arusha akiijua hesabu ya nyuzi atakuwa ameokoa miezi.

Biashara hii ina hukumu zake. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Muuza kito mwenye kuficha ufa kwa kukigeuza upande, au kukionyesha chini ya taa kali ili dirisha lisionekane, yumo katika mlango huohuo. Na kwa kuwa wengi hutuuliza: katika madhehebu ya Shafii zaka ya machimbo ni ya dhahabu na fedha, kito hakina zaka hiyo, ila kikiwa bidhaa ya biashara, basi hutolewa zaka ya biashara kwa masharti yake.

Kwa mazoezi, tsavoraiti ni ghali mno. Kijana na aanze na kwatzi iliyo safi, ambayo bei yake ni ndogo, lakini asichukue mkato ule ule wa nyuzi 42 akadhani utatosha. Mpaka wa kwatzi ni 40 na nusu, kwa hiyo amebakiwa na uzi mmoja na nusu tu, na jiwe likiinamishwa kidogo mkononi dirisha hufunguka. Ajaribu kwanza 43 katika programu, aligeuze jiwe polepole kwenye kioo cha kompyuta, aandike ni kwa nyuzi ngapi za kugeuza weupe ulianza kuonekana katikati, ndipo aende kwenye jiwe.