Siku Tano za Kazi, Siku Mbili za Mapumziko: Maisha ya Kijana wa Kanada

Watu wengi wasikiapo jina la Kanada huwaza theluji, mishahara mikubwa na starehe. Theluji iko kweli, na mishahara iko. Lakini ni machache yasemwayo juu ya namna kijana wa huko anavyoipata siku yake ya kustarehe. Makala haya yataka kulieleza jambo hilo. Tutachagua mji mmoja, Calgary, ulio katika jimbo la Alberta upande wa magharibi, na kazi moja, ile ya fundi wa umeme, tupate kuona jinsi saa za kazi, mshahara, baridi na matembezi ya mwisho wa juma yanavyofungamana. Kijana tutakayemtaja si mtu mmoja fulani. Ni mfano wa wengi.

MJI WENYEWE

Calgary umejengwa mahali ambapo mbuga pana za majani hukutana na vilima vya chini ya milima ya Rocky, na Mto Bow wapita katikati yake. Reli ya Canadian Pacific iliufikia mwaka 1883. Tangu hapo mji umekua kwa biashara ya ng'ombe na ngano, na baadaye kwa mafuta ya petroli, hata sasa una watu zaidi ya milioni 1. Wakazi wake wametoka pembe nyingi za dunia. Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa mji huo tangu mwaka 2010 hadi 2021, ni mtoto wa wazazi waliohamia Kanada kutoka Tanzania.

KUJIFUNZA KWA MIKONO

Kijana wetu ana umri wa miaka 22. Alipomaliza shule ya sekondari hakwenda Chuo Kikuu, bali alijiandikisha kuwa mwanagenzi, yaani mtu ajifunzaye ufundi chini ya fundi kamili huku akilipwa. Katika Alberta uanagenzi wa umeme huchukua miaka 4. Sehemu kubwa ya muda huo hupita kazini. Kila mwaka mwanagenzi huiacha kazi kwa majuma machache, akaketi darasani kujifunza hesabu za umeme, kusoma michoro ya majengo na kanuni za usalama, kisha akafanya mtihani. Mojawapo ya vyuo vifundishavyo kazi hiyo mjini ni SAIT, kilichoanzishwa mwaka 1916.

Kazi huanza saa moja ya asubuhi, nayo huisha saa tisa na nusu ya alasiri, na katikati kuna nusu saa ya kula. Kwa hiyo kijana huamka saa kumi na moja alfajiri, akatia chakula chake cha mchana katika kisanduku na kahawa katika chupa, akavaa viatu vyenye chuma kwenye vidole, na kushika njia. Nyumba nyingi za huko hujengwa kwa mihimili ya mbao. Kabla ya kuta kufunikwa, mwanagenzi hutoboa mihimili hiyo, hupitisha nyaya, na kupigilia visanduku vidogo ambamo baadaye swichi zitatiwa. Kosa lililofichwa ndani ya ukuta laweza kuiteketeza nyumba baada ya miaka kumi. Kwa sababu hiyo mkaguzi huja kuzitazama nyaya kabla ukuta haujafungwa.

Somo la kwanza afundishwalo ni la kufuli. Fundi apaswaye kugusa nyaya ambazo zimekwisha kuwa na umeme huuzima kwanza kwenye swichi kubwa, kisha huifunga swichi hiyo kwa kufuli lake mwenyewe na kutundika kibandiko chenye jina lake. Wakiwa mafundi watatu, makufuli ni matatu. Ufunguo hukaa mfukoni mwa mwenyewe, wala hapewi mtu mwingine. Hata baada ya hayo hupima kwa chombo, aone kwamba umeme umekatika kweli. Desturi hiyo yaonekana kuwa ya kuchosha, lakini imeokoa maisha ya watu wengi.

MSHAHARA NA MAKATO YAKE

Mshahara huhesabiwa kwa saa. Mwanagenzi wa mwaka wa kwanza hupata angalau nusu ya malipo ya fundi kamili. Mwaka wa pili hupata sehemu 60 katika 100. Wa tatu 70. Na wa nne 80. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba fundi kamili hulipwa dola 40 kwa saa. Basi mwanagenzi wa mwaka wa kwanza atapata dola 20, na wa mwaka wa nne dola 32. Kwa njia hii kila mtihani anaoshinda waongeza chakula mezani, na uvivu wa darasani huonekana katika bahasha ya mshahara. Sheria ya jimbo pia yaagiza kwamba azidishaye saa 8 kwa siku, au saa 44 kwa juma, alipwe kwa kila saa ya ziada mara moja na nusu ya malipo yake ya kawaida.

Lakini asidhani mtu kwamba fedha hizo zote humfikia mkononi. Kabla hajalipwa hukatwa kodi ya mapato, fedha za pensheni ya uzeeni, na fedha za bima ya kukosa kazi. Makato hayo hupunguza mshahara, lakini hurudi kwa njia nyingine. Akivunjika mguu, hospitali haimdai fedha za matibabu, kwa maana gharama hiyo hutoka katika kodi za watu wote. Akiwa darasani katika majuma yale ya chuo, aweza kuomba msaada kutoka katika bima ya kukosa kazi, kwa kuwa wakati huo bwana wake halazimiki kumlipa.

Mzigo mkubwa kupita yote ni kodi ya nyumba. Kijana wetu hukaa na wenzake watatu katika nyumba moja, kila mtu na chumba chake, na jiko ni la wote. Wengine hawaondoki kwa wazazi wao hata kidogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba katika kila vijana 100 wa Kanada wenye umri wa miaka 20 hadi 34, vijana 35 hivi walikuwa wakiishi na mzazi. Kwa hiyo hata katika nchi ya mishahara mikubwa, kijana hujiuliza ni lini atakuwa na mlango wake mwenyewe.

BARIDI SI MCHEZO

Msomaji aliyezoea Kenya, ambako jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, atastaajabia siku za Calgary. Mji huo uko mbali sana kaskazini. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu ya asubuhi na kuzama saa kumi na nusu ya jioni. Kijana huenda kazini gizani, akarudi nyumbani usiku ukiingia. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, na jua halizami mpaka karibu saa nne za usiku.

Wakati wa baridi kali maji huganda, na mafuta ya injini huwa mazito hata motokaa hukataa kuwaka. Kwa hiyo motokaa nyingi za huko zimetiwa chombo kidogo cha kupasha injini joto. Usiku mwenye motokaa huunganisha waya wake na umeme wa nyumba, kama mtu afungaye farasi wake zizini, na asubuhi injini huwaka. Mara kwa mara huvuma kutoka milimani upepo wa joto uitwao Chinook, ambao waweza kupandisha joto kwa digrii 20 katika muda wa saa chache. Theluji huyeyuka, watu huvua makoti, na baada ya siku mbili baridi hurudi kama kwamba haikuondoka.

JUMAMOSI NI SIKU YA SHUGHULI

Ijumaa jioni zana huwekwa kando, lakini mapumziko hayaanzi mara moja. Jumamosi ni siku ya kufua nguo, kununua chakula cha juma zima na kusafisha nyumba. Theluji ikianguka, kuna kazi nyingine pia, kwa kuwa sheria ya mji yawataka wenye nyumba kuiondoa kwenye njia ya miguu iliyo kando ya nyumba zao katika muda wa saa 24 baada ya kukoma kuanguka. Vijana waliopanga nyumba hushika sepetu kwa zamu, na mara nyingi humfagilia na jirani aliye mzee.

Alasiri yake ndiyo ya michezo. Katika mitaa mingi majirani humwaga maji uwanjani, yakaganda, wakapata mahali pa kuteleza kwa viatu vya chuma na kucheza hoki ya barafuni. Mchezo huo Wakanada huupenda mno, na mechi za Jumamosi usiku zimetangazwa kwa televisheni tangu mwaka 1952. Uwanja wa mtaani hauna kiingilio. Mwenye viatu na gongo huingia akacheza.

SAFARI YA MILIMANI

Jumapili alfajiri kijana wetu na rafiki zake huingia katika motokaa moja, wakagawana bei ya petroli, na kuelekea magharibi. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi hufika Banff, mbuga ya taifa iliyo ya kwanza katika Kanada. Mwaka 1883 wafanya kazi watatu wa reli walikuta huko chemchemi za maji ya moto, ambazo wenyeji wa asili walikuwa wakizijua tangu zamani. Na mwaka 1885 serikali ilizitenga zisiwe mali ya mtu mmoja.

Barabara kuu ipitayo mbugani imezungushiwa ua pande zote mbili, na juu yake yamejengwa madaraja yaliyooteshwa majani na miti. Madaraja hayo ni ya dubu, mbwa mwitu na kulungu, wapate kuvuka bila kugongwa na motokaa. Mbele zaidi liko ziwa Louise, ambalo wakati wa kiangazi maji yake huwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Rangi hiyo hutokana na vumbi laini la mawe lisagwalo na barafu nzito ya mlimani na kuchukuliwa na maji hadi ziwani.

Wakati wa kiangazi vijana hupanda kwa miguu. Wakati wa baridi huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu. Mchezo huu wa mwisho ni wa gharama, na mwanagenzi haumudu kila juma. Lakini matembezi ya miguu, mkate na nyama kutoka nyumbani, na chupa ya chai, havihitaji fedha nyingi. Penye hatari wenye busara hawafanyi mzaha: husoma kwanza taarifa za maporomoko ya theluji, huchukua dawa ya pilipili ya kumfukuzia dubu, na humwambia mtu aliyebaki mjini njia watakayopita na saa ya kurudi. Ni tabia ile ile ya kufuli la kazini.

NI NANI ANAYEPUMZIKA JUMAPILI?

Hata hivyo, katika motokaa ile mara nyingi kuna nafasi moja tupu. Ni ya rafiki anayeuza dukani, ambaye Jumapili yuko kazini.

Zamani haikuwa hivyo. Sheria iliyotungwa mwaka 1906 ilikataza biashara nyingi siku ya Jumapili katika Kanada yote. Tarehe 30 Mei 1982, duka moja la Calgary liitwalo Big M Drug Mart liliuza vyakula, vikombe vya plastiki na kufuli la baiskeli, nalo likashitakiwa. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya nchi. Tarehe 24 Aprili 1985 majaji waliamua kwamba sheria ile ilikuwa batili, kwa sababu iliwalazimisha watu wote kuishika siku takatifu ya dini moja, hali Hati ya Haki na Uhuru ya mwaka 1982 yampa kila mtu uhuru wa dini.

Uamuzi huo uliwapa haki yao Waislamu, Wayahudi na wasio na dini. Lakini ulileta na jambo jingine. Sheria ya Alberta yampa mfanya kazi angalau siku 1 ya kupumzika katika kila juma, au siku hizo zilimbikwe apewe pamoja baadaye; haisemi kwamba ni lazima iwe Jumapili, wala haimpi malipo ya ziada kwa kufanya kazi siku hiyo. Muuza duka aweza kupumzika Jumanne, wakati rafiki zake wote wako kazini. Ana siku ya kupumzika, lakini hana wa kupumzika naye.

Labda ndiyo maana siku chache za sikukuu, ambazo watu wengi hupumzika pamoja, hupendwa sana. Mwaka 1990 Alberta lilikuwa jimbo la kwanza katika Kanada kuweka Siku ya Jamaa, Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Februari, ili katikati ya baridi ndefu watu wa nyumba moja wakutane. Hata siku hiyo, mwenye hoteli ya Banff, muuguzi wa hospitali na dereva wa treni wako kazini, ili wengine wapate kutembea.

Basi, tukisikia habari za starehe za vijana wa Kanada, tukumbuke yanayozibeba: saa zilizohesabiwa, mitihani iliyoshindwa kwa bidii, kodi ya nyumba iliyogawanywa na wenzi, na mtu mwingine aliyesimama nyuma ya meza ya duka siku ya Jumapili. Kijana aliyerudi kutoka milimani akiwa na matope viatuni ataamka tena saa kumi na moja alfajiri, naye hataona ajabu. Jumatatu ndiyo iliyoilipia Jumapili yake.