Fahali Asiye na Msimamizi

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Ardhi iliyogawanywa kwa watu wengi hivyo haina malisho ya kutosha: ng'ombe hufungwa kamba kando ya barabara au hukatiwa nyasi za nepia zizini. Ebisarate, kambi ambako vijana wa Kigusii walilinda mifugo kwa pamoja, zilivunjwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1910, na tangu hapo kila boma hujilindia mifugo yake. Hata hivyo, fahali akikata kamba huvuka mipaka yote. Ndiyo maana nashikilia kwamba mimba ya ng'ombe isiyopangwa haipaswi kuitwa bahati mbaya. Ni wajibu uliokwepwa na mtu anayejulikana, kwanza mwenye fahali.

Hasara ya mimba kama hiyo ni kubwa. Mtamba wa maziwa aliyelishwa vizuri huweza kuingia joto kabla ya kutimiza mwaka, ilhali hufaa kupandwa akiwa na miezi 15 hivi na uzito wa kutosha. Akishika mimba mapema, nyonga huwa bado nyembamba. Ndama hukwama wakati wa kuzaliwa, na pengine yeye na mama yake hufa. Fahali asiyepimwa naye huweza kueneza maradhi ya uzazi yanayoharibu mimba huku mwenyewe akionekana mzima. Kudhibiti maradhi hayo ni sababu mojawapo iliyofanya kituo cha mbegu za ng'ombe cha Kabete kianzishwe mwaka 1946.

Wapo watakaosema kuwa mbegu ya mrija, ya kupandikizwa bila fahali, ni ghali, mtaalamu huchelewa, na joto la ng'ombe halimalizi siku nzima. Ni kweli, na ndiyo sababu sipingi fahali. Napinga fahali asiye na msimamizi. Aliyepimwa, anayefungwa imara na kuandikiwa kila ng'ombe aliyempanda ni msaada kwa maskini. Ila asikae kijiji kimoja zaidi ya miaka miwili, kwa kuwa miezi 9 ya mimba na 15 ya kukua humfikisha binti yake umri wa kupandwa, na uzao wa baba na binti hudhoofika.

Lawama haimwishii mwenye fahali. Anayeishi Nairobi na kumwachia ndugu ng'ombe wake bila kusema nani ataita daktari, nani atalipa na ndama ni wa nani, amemtwisha mtunzaji mzigo usio wake. Husemwa kuwa ndugu hawaandikiani mikataba. Lakini ukurasa mmoja wa daftari, mbele ya shahidi, huulinda undugu huo siku ndama anapozaliwa.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Mabunge ya Kisii na Nyamira yatunge sheria inayomtaka mwenye fahali anayezurura alipe gharama ya daktari na hasara ya jirani. Nawe mfugaji, usingoje sheria: dume usiyemkusudia kuwa wa mbegu, mhasi akiwa bado ndama.