Kiinua mgongo cha mwalimu Uarabuni huanza siku ya kusaini mkataba

Katika nyumba yenye mzazi anayefanya kazi Uarabuni, mwisho wa mkataba huzungumzwa kwa furaha. Watoto wanahesabu siku. Bibi anauliza ndege inatua saa ngapi. Fundi ameambiwa asubiri kidogo, bati zitanunuliwa Mama akirudi. Lisilozungumzwa ni hesabu yenyewe: Mama anarudi na shilingi ngapi, na fedha hizo zitaitunza familia miezi mingapi kabla hajapata kazi nyingine?

Kwa mwalimu wa Kiingereza anayetoka Afrika Mashariki, swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Alipokuwa akifundisha shule binafsi nyumbani Tanzania, kila mwezi yeye na mwajiri wake walichangia NSSF, jumla asilimia 20 ya mshahara. Akishaingia Dubai, Doha, Muscat au Riyadh, mchango huo unakoma. Mifuko ya pensheni ya nchi za Ghuba iliwekwa kwa ajili ya raia, na mwalimu mgeni hana nafasi humo. Badala ya pensheni, kwa kawaida hupewa kiinua mgongo anapomaliza kazi.

Kwa maneno mengine, fedha ambazo familia inaziona kama zawadi ya kurudi nyumbani ndizo pensheni ya mzazi huyo kwa miaka yote aliyokaa ugenini. Na kiasi chake hakiamuliwi siku ya kuaga. Kimeshaamuliwa siku aliyosaini mkataba.

Mstari mmoja kwenye mkataba

Tuchukue familia ya mfano. Mama alifundisha Kiingereza Mwanza kwa miaka minane, kisha akapata kazi katika shule binafsi Dubai na kukaa huko miaka saba. Baba amebaki nyumbani na watoto watatu.

Kabla ya kuondoka, Mama alikuwa na barua mbili za ajira mezani. Zote mbili zilimwahidi dirham 6,000 kwa mwezi. Shule ya kwanza iliandika mshahara wa msingi kuwa dirham 2,400, na kiasi kilichobaki ni posho ya nyumba na usafiri. Shule ya pili iliandika msingi wa dirham 4,000 na posho ya 2,000. Fedha inayoingia benki kila mwezi ni ileile, hivyo ni rahisi kuona barua hizo zinalingana.

Hazilingani. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi pekee. Posho hazimo. Kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, mfanyakazi hulipwa mshahara wa msingi wa siku 21. Kuanzia mwaka wa sita, ni siku 30 kwa kila mwaka. Jumla haiwezi kuzidi mshahara wa miaka miwili.

Miaka saba ya Mama inakuwa hivi: miaka mitano mara siku 21 ni siku 105, miaka miwili mara siku 30 ni siku 60, jumla siku 165. Mshahara wa siku moja hupatikana kwa kugawa msingi wa mwezi kwa 30.

Kwa msingi wa dirham 2,400, siku moja ni dirham 80, na kiinua mgongo ni dirham 13,200. Kwa msingi wa dirham 4,000, kiinua mgongo ni dirham 22,000. Tukikadiria dirham moja kwa Sh700, barua ya kwanza inamrudisha Mama na takriban Sh9.2 milioni, na ya pili Sh15.4 milioni.

Tofauti ni zaidi ya Sh6 milioni, kwa kazi ileile, mshahara uleule wa mwezi na miaka ileile. Imetokana na mstari mmoja wa karatasi ambao watu wengi huupita haraka wakitafuta jumla iliyo chini.

Yapo mambo mengine ya kujua kuhusu Falme za Kiarabu. Anayeondoka kabla ya kutimiza mwaka mmoja hapati kiinua mgongo. Akishatimiza mwaka, hata miezi iliyozidi huhesabiwa kwa sehemu yake. Siku za kutokuwepo kazini bila malipo huondolewa kwenye hesabu. Na zamani aliyejiuzulu mapema alikatwa sehemu ya kiinua mgongo, lakini sheria ya sasa imeondoa makato hayo, mradi mfanyakazi atoe notisi inayotakiwa. Anayeondoka bila notisi anaweza kudaiwa mshahara wa kipindi hicho, na deni hilo likameza sehemu ya alichokitumainia.

Kila nchi na hesabu yake

Kosa la pili ni kudhani Uarabuni ni nchi moja. Jirani aliyerudi kutoka Qatar hawezi kumpigia hesabu mwalimu aliyeko Saudi Arabia.

Qatar, sheria inataka angalau mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka, baada ya kutimiza mwaka mmoja. Oman, sheria ya kazi ya 2023 inataka angalau mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka.

Saudi Arabia ndiyo yenye tofauti kubwa. Huko hesabu haiishii kwenye msingi. Hutumia mshahara wa mwisho pamoja na posho za kudumu kama ya nyumba. Mfanyakazi hupata nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Lakini hapo ndipo namna ya kuondoka inapokuwa na bei. Mkataba ukifika mwisho wake, analipwa chote. Akijiuzulu kabla ya miaka miwili, hapati kitu. Kati ya miaka miwili na mitano, anapata theluthi moja. Kati ya mitano na kumi, theluthi mbili. Akipita kumi, anapata chote.

Mwalimu mwenye mshahara wa riyal 6,000 aliyekaa miaka minne atapata riyal 12,000 mkataba ukiisha, lakini riyal 4,000 tu akijiuzulu katikati. Kusubiri miezi michache mkataba umalizike kunaweza kuwa na thamani ya mishahara zaidi ya mmoja.

Kuna kifungu kimoja ambacho kina mama wanapaswa kukijua. Sheria ya Saudi Arabia inampa mwanamke kiinua mgongo chote iwapo atajiuzulu ndani ya miezi sita tangu afunge ndoa, au ndani ya miezi mitatu tangu ajifungue. Mwalimu aliyejifungua na kuamua kurudi kulea, akasubiri mwezi wa nne ndipo aandike barua, anaweza kupoteza theluthi mbili ya haki yake kwa kuchelewa wiki chache.

Pengo la NSSF

Tumrudie Mama wa Mwanza. Kabla ya kuondoka alichangia NSSF miaka minane, yaani miezi 96. Ili mwanachama alipwe pensheni ya kila mwezi uzeeni, anahitaji michango ya miezi 180. Alipungukiwa na miezi 84.

Miezi 84 ni miaka saba, sawasawa na muda aliokaa Dubai.

Kama angebaki nyumbani akichangia, leo angekuwa ametimiza sharti la pensheni ya maisha. Sasa anarudi akiwa na miezi ileile 96. Hii haina maana kwamba alikosea kwenda. Mshahara wa Dubai umesomesha watoto na kujenga nyumba. Ina maana kwamba kiinua mgongo kina kazi moja ambayo familia haikuipangia: kuziba pengo la miaka hiyo.

Umri nao una neno lake. Mwalimu anayerudi akiwa na miaka 42 bado ana muda wa kutosha kukamilisha miezi iliyobaki kabla ya miaka 60. Anayerudi akiwa na miaka 55 hana muda huo, na asiyefikisha miezi 180 hulipwa mafao ya mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi.

Kwa hiyo, kabla mzazi hajapanda ndege, aende ofisi ya NSSF akiwa na namba yake ya uanachama. Aombe taarifa ya michango yake, ahakikishe kila mwezi aliokatwa umeingizwa, na aulize utaratibu wa kuendelea kuchangia kwa hiari akiwa nje. Jibu alipate kwa maandishi. Akipata njia ya kuchangia kidogo kila mwezi, miaka ya ugenini haitakuwa mitupu.

Bima inaondoka na kibali

Jambo lingine linalokoma na mkataba ni matibabu. Katika Falme za Kiarabu, bima ya afya ya mfanyakazi hulipwa na mwajiri na hufungamana na kibali cha ukaazi. Kibali kikifutwa, kadi ya bima nayo inafikia mwisho.

Hapa kuna ushauri usiogharimu kitu: tumia bima kabla haijaisha. Miezi mitatu ya mwisho ni muda mzuri wa kupima shinikizo la damu, sukari na macho, kung'oa au kuziba jino lililokuwa likisubiri, na kwa mama, kupima saratani ya mlango wa kizazi. Mwalimu mwenye dawa za kila siku aombe nakala ya maelezo ya ugonjwa wake na majina ya dawa.

Wakati huohuo, mzazi aliyeko nyumbani aulizie bima ya familia mapema. Baadhi ya vifurushi huwa na muda wa kusubiri kabla huduma fulani hazijaanza. Familia isiyo na bima ikipata mgonjwa katika mwezi wa kwanza wa kurudi, kiinua mgongo ndicho kitakachoenda hospitali.

Kabla ya kuaga

Katika Falme za Kiarabu, mwajiri anatakiwa kulipa stahili zote ndani ya siku 14 tangu mkataba uishe. Stahili hizo ni mshahara wa mwisho, siku za likizo ambazo hazikutumika na kiinua mgongo. Mwajiri hugharamia pia safari ya kumrudisha mfanyakazi kwao, isipokuwa amehamia kwa mwajiri mwingine au yeye mwenyewe ndiye sababu ya mkataba kuvunjika.

Mwalimu ajipigie hesabu mwenyewe kabla shule haijampa yake, kisha alinganishe. Asisaini hati ya kukiri kwamba amelipwa chote kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti. Asifunge akaunti ya benki kabla ya malipo kuingia. Aombe cheti cha utumishi, ambacho mwajiri hutakiwa kumpa bila malipo, kwa kuwa shule ijayo itakiuliza.

Akidhulumiwa, alalamike wizara inayoshughulikia rasilimali watu huko, na ni rahisi zaidi akiwa bado hajaondoka. Sheria inaweka ukomo wa miaka miwili tangu ajira iishe. Baada ya hapo dai halisikilizwi.

Mzazi aliyebaki nyumbani naye ana sehemu yake. Awe na nakala ya mkataba, jina la shule na namba ya kibali, hata kama ni picha kwenye simu. Si jambo la kufurahisha kulizungumza, lakini mfanyakazi akifariki Falme za Kiarabu, mwajiri anatakiwa kuikabidhi familia stahili zake pamoja na kiinua mgongo ndani ya siku 10. Familia isiyojua hata jina la shule itaanzia wapi kudai?

Fedha zikifika

Fedha za mkupuo zina marafiki wengi. Kuna harusi ya binamu, kuna deni la kaka, kuna kiwanja kinachouzwa kwa bei ya haraka. Mzazi aliyekuwa mbali miaka saba hupata tabu kukataa, maana anahisi ana deni la upendo.

Dawa ni kuzigawa kabla hazijafika. Wazazi wawili wakae, hata kwa simu, waandike mafungu manne: madeni, ada ya mwaka mmoja, matumizi ya nyumbani kwa miezi ambayo hakutakuwa na mshahara, na uzee. Fungu la uzee lisiwe la mwisho linalobaki baada ya mengine, maana halitabaki. Kinachozidi mafungu hayo ndicho cha bati na cha binamu.

Na kwa familia ambayo leo ina barua ya ajira mezani, kazi ni ndogo zaidi. Kabla Mama hajasaini, Baba achukue kalamu azungushie mstari ulioandikwa mshahara wa msingi. Kisha wapige hesabu ya miaka saba wakiwa wote wawili mezani, wakati bado kuna nafasi ya kuomba mstari huo ubadilishwe.