Swali Ambalo Mgonjwa wa Saratani Haulizwi

Hapa Dar es Salaam, kutoka Msasani hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road si mbali. Tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, anayekaa Mikoroshini au Bonde la Mpunga anaweza kwenda asubuhi, akapigwa mionzi na akarudi kulala kwake. Ukimlinganisha na mgonjwa aliyetoka Kigoma, anayelazimika kutafuta ndugu wa kumpokea mjini kwa wiki zote za matibabu, huyu wa Msasani ana nafuu kubwa. Hospitali ya Mwananyamala iko jirani, na Muhimbili, yenye idara ya magonjwa ya akili, ni safari ya daladala. Hata hivyo, nafuu hiyo ya umbali haimsaidii sana linapokuja suala la afya ya akili. Anaweza kuhudhuria kliniki miezi mingi, akipimwa uzito, presha na wingi wa damu kila mara, bila mtu kumuuliza analala vipi usiku, au kama bado kuna kitu kinachompa raha. Ninachotaka kusema ni hiki: msaada wa afya ya akili kwa mwenye saratani unapaswa kuanzia palepale anapotibiwa saratani, kwa swali linaloulizwa na muuguzi anayemhudumia. Kumwachia mgonjwa ajitafutie mwenyewe ni kumnyima, hata kama huduma iko umbali wa nauli moja.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Mwaka 2011 jarida la Lancet Oncology lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 94, zote zikiwa zimewahoji wagonjwa ana kwa ana badala ya kutegemea fomu peke yake. Ilionekana kwamba karibu mgonjwa mmoja wa saratani kati ya sita alikuwa na sonona, na mmoja kati ya kumi alikuwa na wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa. Tafiti hizo kwa sehemu kubwa zilitoka nchi zenye uwezo, kwa hiyo tunazitumia kwa tahadhari. Mgonjwa wa kwetu anafika na mizigo ambayo mwenzake wa Ulaya pengine hana, ikiwemo kugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yanaonyesha kuwa mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000. Sehemu moja ya sita ya hao ni zaidi ya watu 6,000 kwa mwaka mmoja tu.

Wapo watakaosema kwamba kwanza tuokoe maisha, mambo ya moyoni yatafuata. Hoja hii inasikika ya busara mpaka uangalie jinsi matibabu yenyewe yanavyokwenda. Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Mara nyingi mgonjwa hupigwa mionzi siku tano kwa wiki kwa takribani wiki tano, pamoja na dripu za kemo, kisha mionzi ya ndani, na kazi yote inatakiwa ikamilike ndani ya wiki nane. Ikivuka hapo, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe unapungua. Sasa mfikirie mwanamke aliyefika wiki ya tatu, anayeharisha kwa sababu ya mionzi, asiyelala, ambaye kila akiamka anaona hakuna maana ya kuoga na kuvaa. Siku moja haendi. Kesho yake anaona aibu kurudi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walipochambua tafiti za wagonjwa wa maradhi mbalimbali, walikuta kwamba wenye sonona walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kutofuata matibabu waliyopangiwa. Kwa hiyo anayetibu sonona anailinda ile mionzi ambayo taifa limeigharamia kwa fedha nyingi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutolewa hata na baadhi ya madaktari: nani atapewa habari ya saratani asihuzunike? Ni kweli, huzuni si ugonjwa. Mtu akilia wiki ya kwanza, akikosa usingizi akisubiri majibu ya kinyama kilichokatwa, akiwaza ada za watoto, huyo anahitaji kusikilizwa na kupewa maelezo, basi. Sonona ni kitu kingine. Dalili zake hudumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Mwenye huzuni bado hucheka mjukuu akimchekesha. Mwenye sonona hata mjukuu hamgusi. Huanza kujiona mzigo, kujilaumu kwa mambo yasiyo kosa lake, kuona kesho imefungwa. Tofauti hii inapimika. Kipo kipimo cha maswali tisa kinachouliza kuhusu wiki mbili zilizopita: je, umekosa hamu ya kufanya mambo, umejisikia kukata tamaa, usingizi ukoje, umewaza kwamba ni afadhali ungekufa? Kila jibu hupewa alama kuanzia sifuri kwa asiyeona tatizo kabisa hadi tatu kwa anayeliona karibu kila siku. Jumla ikifika kumi, mtu anahitaji kuchunguzwa zaidi. Na Kiswahili hakijasahaulika hapa, kwani mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya kukitafsiri na kukihakiki kipimo hicho kwa Kiswahili nchini Kenya, na waliokihakikia walikuwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Nyenzo tunayo, tena ilijaribiwa kwa watu wenye ugonjwa huu huu. Muuguzi anahitaji dakika chache tu na kalamu.

Hapa kuna jambo la kitaalamu la kuangalia. Uchovu, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito vinaletwa na saratani yenyewe, na vinaletwa na kemo. Ndiyo maana mpimaji mzuri hasimami kwenye jumla ya alama peke yake. Hutazama hasa majibu ya kukosa raha, kukata tamaa na kujilaumu. Pia huuliza kwanza kuhusu maumivu. Mtu anayeumwa usiku kucha hawezi kuwa na moyo mkunjufu, na wapo waliodhaniwa wana sonona kumbe walihitaji morfini ya maji ya kutosha. Tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, inajengwa juu ya ukweli huo. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika Boston kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa ulionyesha kwamba waliopewa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, walikuwa na dalili za sonona kwa asilimia 16, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 38.

Kuna wanaoona kwamba kazi hii ni ya familia na ya viongozi wa dini. Siwezi kuibeza hoja hiyo, kwa sababu ndugu wanaokesha wodini na majirani wanaoleta uji wanabeba mambo ambayo hospitali haiwezi kuyabeba. Lakini mapenzi yana kificho chake. Mama huwaficha wanawe hofu yake ili wasivunjike moyo, nao wanamficha ukweli wa daktari kwa sababu hiyohiyo, kila mmoja anajikaza na nyumba nzima inanyamaza. Anaposema tu kwamba amechoka, huambiwa amwachie Mungu. Anahitaji pia mtu asiye ndugu, ambaye mbele yake hana wa kumlinda. Sheikh au mchungaji anaweza kuwa mtu huyo, mradi ajue ni wakati gani wa kusema: dua tutaendelea nayo, na kwa daktari tutakwenda pamoja.

Kisha linakuja pingamizi la watumishi. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno nchini, hilo halina ubishi. Ila ushahidi bora tulionao hautudai mabingwa wengi. Scotland, mwaka 2014, matokeo ya utafiti wa watu 500 wenye saratani na sonona yalichapishwa. Kazi kubwa ilifanywa na wauguzi wa saratani waliopewa mafunzo, bingwa akiwasimamia kwa nyuma. Baada ya wiki 24, asilimia 62 ya waliohudumiwa hivyo dalili zao zilikuwa zimepungua angalau kwa nusu. Walioachwa kwenye utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 17. Watafiti haohao walikuwa wameona kwamba huko huko kwenye utajiri, karibu robo tatu ya wagonjwa wa saratani wenye sonona hawakuwa wakipata tiba yoyote ya maana. Kwa hiyo wingi wa madaktari peke yake haukuwasaidia. Waafrika wenzetu wametuonyesha njia zaidi. Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya mwaka 2016, ingawa hayakuwahusu wenye saratani, yalikuwa mazuri sana. Uganda iliruhusu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika morfini. Kama muuguzi anaaminiwa na morfini, ataaminiwa na maswali tisa.

Kinachobaki ni hofu, nayo ina jina: Mirembe. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ya Dodoma imekuwepo tangu enzi za mkoloni, na vizazi vimelitumia jina lake kumtukana mtu. Mgonjwa aliyekwisha kubeba jina la Ocean Road hataki kuongezewa la pili. Rufaa ya kwenda kliniki ya akili mara nyingi huishia mfukoni, na hiyo ni sababu nyingine ya huduma kutolewa chumba kilekile, kwa faili lilelile. Sheria nayo inafunga midomo: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, ilhali nchini Kenya Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Kuwaza kufa si kosa popote, na kumuuliza mtu kuhusu mawazo hayo hakumpandikizii.

Mpaka kliniki zianze kuuliza, mgonjwa au ndugu yake aanze yeye. Amwambie muuguzi, kabla ya kuingia kwa daktari, kwamba zimepita wiki mbili hana hamu ya kitu chochote na usiku hali yake ni mbaya. Aombe pia kumwona afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa nauli na kodi ya nyumba vinavunja moyo kama ugonjwa. Akiwa anawaza kujiua, apelekwe siku hiyohiyo idara ya dharura, asiachwe peke yake. Akipewa dawa, ajue kwamba fluoxetine na amitriptyline hazigeuzi mtu kuwa teja, kwamba huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na kwamba haziachwi ghafla. Na mwanamke anayemeza tamoxifen kwa saratani ya matiti aitaje dawa hiyo kabla ya kuandikiwa fluoxetine, maana inaweza kuipunguzia nguvu tamoxifen, na zipo dawa nyingine za sonona ambazo daktari anaweza kuchagua.